Ukurasa Mtupu Usikuvunje Moyo: Data Inavyofika Kwenye Templeti ya Django

Juzi kijana mmoja wa Pongwe kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nimeweka ListView ya modeli ya Mzigo, kwenye templeti nimeandika mizigo, nikifungua ukurasa naona kichwa tu. Orodha haipo na kosa halionekani. Tatizo nini?"

Swali hilo nalijua kwa uchungu. Nilipoanza Django, zana ya kutengenezea tovuti kwa Python, katika ofisi moja hapa Tanga, mkubwa wangu wa kazi alisimama nyuma ya kiti changu, akatazama ukurasa mtupu kama huo, akasema mbele ya wenzangu, "Mambo ya klasi si ya watu waliojifundisha kwenye simu." Hakunionyesha hata mstari mmoja. Maneno yale yananichoma mpaka leo.

Sasa sikiliza, mdogo wangu. Templeti, yaani faili la HTML la ukurasa, haioni kitu ambacho viu, msimbo unaoandaa data, haijaikabidhi. Kwenye viu ya funksheni unajaza dikshenari (majina na thamani zake) mwenyewe na kuipa render, inayotengeneza ukurasa. Viu za klasi za Django, zilizoingia na toleo la 1.3 mwaka 2011, zinakujazia zenyewe. Siku hizi kazi hiyo inapita kwenye funksheni ya get_context_data. ListView, viu ya klasi ya kuonyesha orodha, ikipewa modeli yako ya Mzigo (maelezo ya jedwali la data) inapeleka orodha kwa majina mawili: object_list na mzigo_list. Wewe kwenye templeti umeandika mizigo. Django ikikuta jina isilolijua humo hailalamiki, inaacha patupu. Weka context_object_name = "mizigo" ndani ya klasi, orodha itatokea.

Haya nimeyatumia kwenye kazi ninayojivunia kuliko zote: mfumo wa mfanyabiashara wa Ngamiani anayepokea machungwa ya Muheza. Alitaka juu ya orodha aone tarehe na jumla ya magunia. Niliandika hivi:

def get_context_data(self, **kwargs):
    context = super().get_context_data(**kwargs)
    context["leo"] = date.today()
    context["jumla"] = self.object_list.aggregate(j=Sum("magunia"))["j"]
    return context

Ukiruka super(), inayoita get_context_data ya Django yenyewe, unapoteza kila ambacho Django ilikuandalia. Na tazama vizuri hapo kwenye self.object_list. Ukishaweka paginate_by (ya kugawa orodha katika kurasa), context["object_list"] inabaki na mizigo ya ukurasa mmoja tu, ila self.object_list ina yote. Ukijumlisha ya kwanza, mzee anaona magunia pungufu na anaanza kumshuku mpokea mzigo wake. Programu inaweza kumharibia mtu jina!

Mwenzangu alipendekeza extra_context, dikshenari inayoandikwa moja kwa moja ndani ya klasi, iliyokuja na Django 2.0, kwa kuwa ni fupi. Kwa kichwa cha ukurasa inafaa. Kwa tarehe nilikataa: date.today() ikiandikwa pale inakokotolewa mara moja klasi inaposomwa, na kesho yake ukurasa bado unaonyesha jana mpaka seva iwashwe upya.

Vijana wenzangu, msikubali kuambiwa hamuwezi. Fungueni faili la django/views/generic/list.py mlisome wenyewe, si refu. Anayekudharau hajakuzidi akili, kakutangulia kusoma tu.

Na wewe wa Pongwe, andika hiyo get_context_data, weka print(context.keys()) kabla ya return, fungua ukurasa, kisha tazama terminali. Majina ambayo viu inaipa templeti utayakuta pale. Ukiliona mizigo na orodha bado haitokei, hamia get_queryset, inayochagua data ya orodha, uangalie unachuja nini.