Maswali yenu: kuvua na kulala garini na ndugu, barabara ya kusini

Tangu shule zifungwe maswali ni haya haya, familia nzima kwenye Hiace iliyotolewa viti ikatandikwa magodoro, mishipi juu ya keria, safari Kilwa, Lindi mpaka Msimbati. Najibu niliyoweza.

*Kaka, tulifika Kilwa Masoko saa 4 usiku, bahari iko mbali kabisa, tukapaki mchangani ili asubuhi tuamkie kuvua. Saa 10 alfajiri bibi akatuamsha, maji yako mlangoni na tairi zimeshazama. Wanakijiji ndo walituvuta kwa kamba. Mbona hakuna aliyetuambia?*

Kwa sababu hamkuuliza. Mlipita watu wangapi toka lami mpaka ufukweni, hakuna hata mmoja mliyemsalimia mkamuuliza maji ya leo yanafika wapi. Mimi sikuwepo ila kwa saa ulizotaja najua kabisa ilikuwa bamvua, yaani siku za maji makubwa. Pwani yetu mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na siku mbili tatu baada ya hapo, maji yanajaa kwenye saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, yanakupwa saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na kati ya kupwa na kujaa tofauti inapita mita 3. Sasa wewe unafika saa 4 usiku umechoka, taa zinamulika mchanga mtupu, unaona umepata uwanja wa kupaki, kumbe umepaki baharini. Halafu kila siku maji yanachelewa kama dakika 50, kwahiyo usije ukakariri saa za safari ya mwaka jana, baada ya wiki ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, na saa zimegeuka kabisa. Ukifika tafuta mstari wa mwani mkavu na vijiti, hapo ndo maji yalipofika mwisho, gari likae juu yake na hatua kadhaa za akiba, chini ya mivinje sawa, chini ya mnazi wenye nazi hapana. Ukipita kwenye mchanga laini toa upepo tairi mpaka PSI 18 hivi, ukirudi lami ujaze. Na gari likishaingiwa na maji ya chumvi usiwashe kujaribu, livutwe, lioshwe kwa maji yasiyo na chumvi na fundi afungue. Gari la baba mdogo liliwashwa hivyo hivyo, nyaya zikaoza ndani ya miezi michache. Mpeni bibi shukrani, angelala kama nyie leo tungekuwa tunaongea mengine.

*Tunaweza kubeba chandarua kuvulia dagaa karibu na ufukwe?*

Hapana, ni kosa kisheria, kinazoa mpaka vifaranga vya samaki, na nimeshajibu hili mara nyingi mno.

*Usiku kuna upepo na mvua, tukiingiza jiko la mkaa ndani ya gari tukaacha dirisha wazi kidogo kuna shida? Tuna mtoto mchanga.*

Dada, usifanye, hata kwa dakika kumi, hata kama mkaa umeshakolea na hautoi moshi, huo usio na moshi ndo unaodanganya watu. Mkaa unatoa kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, mtu anasikia kichwa kizito anadhani ni uchovu wa safari, analala, haamki. Dirisha kidogo halitoshi. Pikeni nje chini ya turubai mvua isipowafikia, jiko liachwe huko huko mpaka asubuhi, mtoto avalishwe na afunikwe blanketi. Mkiamka vichwa vinauma watu wawili au watatu kwa pamoja tokeni wote nje na muende hospitali. Hili nawaomba mlitume kwenye magrupu ya familia.

*Shemeji alipata bunju watatu, wale samaki wanaojivimbisha, anasema mafundi wanajua kumtoa sumu. Na kuna kijana ametuletea nyama ya kasa kwa bei poa. Tupike?*

Vyote viwili hapana. Sumu ya bunju haiishi kwa kuchemsha wala kukaanga, na haina dawa ya kuiondoa mwilini, hospitali watakachofanya ni kukusaidia kupumua mpaka iishe wakiwahi. Shemeji muheshimu kwa mengine, kwenye hili mkatalieni. Kasa ni marufuku kumvua, na nyama yake inaweza kuwa na sumu vile vile, Machi 2024 kisiwa cha Panza kule Pemba walifariki watoto 8 na mtu mzima 1 baada ya kula kasa. Familia zilizokaa kula kitoweo pamoja kama nyie. Samaki msiyemjua mpelekeeni mvuvi mzee amwangalie kabla ya kisu. Na jodari mkimnunua awekwe barafu pale pale, akishalala juani hata ukimpika vipi atawawasha mwili mzima.

*Chambo gani kizuri?*

Ngisi au kamba. Tupa maji yanapoanza kujaa. Umeuliza chambo ila hujauliza utasimama wapi, usisimame kwenye mwamba ulioloa.

*Tunataka kwenda Aprili, nauli za ndugu ziko tayari.*

Aprili ni masika, na upepo wa kusi unaanza. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipita na barabara ya Dar kwenda Lindi ikakatika pale Somanga, magari yakakaa foleni siku kadhaa. Mkiweza sogezeni mbele mpaka mvua ziishe, kama haiwezekani bebeni chakula na maji ya siku mbili za ziada na mpige simu huko mbele kabla hamjavuka Rufiji.

*Tuko 14, Hiace moja, mjomba anasema tutabanana tu tulale wote.*

Kulala ndani wanne, watano wakiwa na watoto, na madirisha yawe wazi na neti. Bibi na wenye watoto wachanga ndo wa kwanza kuhesabiwa, mjomba na vijana watalala kwenye tenti au gesti, Kilwa Masoko zipo. Pesa ya gesti ichangwe mapema pamoja na ya mafuta, kabla gari halijawashwa, maana mkishafika Nangurukuru, njia panda ya kuingia Kilwa, kila mtu atasema hana chenji.