Tulale Deira kwa wenyeji au tulipie hoteli ya watoto?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mfanyabiashara, napeleka mawese Dar na kurudi na vitenge, na kila mwaka naenda Dubai kufunga mzigo. Safari hii nimewaahidi wanangu watatu, wa miaka 11, 8 na 4, kwamba Desemba tunakwenda wote na baba yao, na watafika kwenye zile bustani za michezo wanazoziona kwenye simu. Mume wangu ameikubali safari, lakini anasema tufikie Deira, ule mtaa wa biashara wa Dubai, kwenye fleti ninayofikia siku zote, kwamba hoteli ni kutupa hela. Wifi yangu naye kila jioni ananitumia picha za hoteli ya Atlantis, anasema kwenda Dubai na watoto bila kulala pale ni aibu. Hela ya safari ni yangu, ila nyumba ina mwenyewe. Nikichagua hoteli peke yangu atanuna, nikimfuata yeye watoto watakosa raha. Nifanye nini? Mama wa watatu, Ujiji.*

Marahaba, mwanangu. Umeniuliza mambo mawili kwa mkupuo mmoja, la hoteli na la mume. La hoteli lina jibu na nitakupa. La mume litategemea utakavyomfikishia hilo la kwanza, kwa hiyo vumilia tuanze na vyumba.

Fleti unaijua kuliko mimi. Chumba cha wanawake wanne watano, kila mmoja na godoro lake na marobota yake, simu zinaita usiku kucha kwa sababu mtu wa kago hana saa. Kwa mwanamke aliyekwenda kutafuta mzigo ni mahali pazuri, unapata wa kukuelekeza duka, wa kukusindikiza soko la Naif, wa kula naye wali jioni. Kwa mtoto wa miaka 4 hapafai, na mumeo mwenyewe atalala wapi humo? Tena kuna jambo ambalo pengine halijamfikia: mwaka 2025 Manispaa ya Dubai ilianza msako wa fleti zilizokatwakatwa vyumba ili kuongeza wapangaji, na mitaa ya Al Rigga na Al Muraqqabat, huko huko Deira, ilikuwa miongoni mwa iliyotajwa. Sitaki mgongewe mlango usiku mkiwa na watoto. Fleti iondoe kabisa kwenye mazungumzo.

Sasa Atlantis ya wifi yako. Ni hoteli nzuri, sina la kuisema vibaya. Iko Palm Jumeirah, kile kisiwa cha kutengenezwa chenye umbo la mtende, imefunguliwa mwaka 2008, na faida yake kubwa kwa familia ni moja: ukilala pale, kuingia Aquaventure, ile bustani yao ya maji, kumo ndani ya bei ya chumba kwa siku zote za kukaa kwenu. Familia ya vijana wakubwa wanaopenda maji, wakakaa siku tatu na kuingia kila siku, hela yao inarudi. Yako siyo familia hiyo. Michezo mingi mikubwa ya pale inataka mtoto awe amefika sentimita 120. Chukua futi ya fundi cherehani, wasimamishe wanao ukutani bila viatu, uwapime. Wa miaka 11 atapita. Wa miaka 8 huenda akapita. Wa miaka 4 hatapita, na mmoja wenu atashinda naye kwenye madimbwi ya wadogo. Utakuwa umelipia watu watano raha ya watu watatu. Na kwa kuwa tiketi ya siku moja inauzwa hata kwa asiyelala hotelini, wakubwa wakitaka sana Aquaventure, baba yao awapeleke siku moja warudi jioni.

Nikikwambia hivyo usidhani nakuvuta kwenye rahisi. Ninachotaka ni uchague hoteli kwa miguu ya yule mdogo. Mtoto wa miaka 4 anaamka alfajiri, anakimbia mpaka saa sita, halafu anaanguka. Akiwa na kitanda cha karibu, atalala kwa muda wa saa mbili na kuamka mzima, na jioni mnarudi tena kwenye michezo. Akiwa hana, atalia kuanzia saa saba mpaka usiku, utambeba, wakubwa watakatishwa starehe yao, na baba atakwambia si nilisema. Safari nyingi za watoto huharibikia hapo, na hata hoteli ya kifahari haisaidii kitu ikiwa iko mbali.

Ndiyo maana kwa umri wa wanao mimi naona mwende Dubai Parks and Resorts, eneo moja lenye bustani kadhaa za michezo. Iko upande wa Jebel Ali, kwenye barabara ya kuelekea Abu Dhabi, kama kilomita 50 kutoka Deira, na metro haifiki. Hapo ndipo hesabu ya mumeo inapokwama: kulala Deira na kwenda kule kila siku ni teksi ya karibu saa nzima asubuhi na nyingine usiku, mtoto amelala begani. Ndani ya eneo hilo moja kuna Legoland, iliyofunguliwa mwaka 2016 na kutengenezwa kwa ajili ya watoto wa miaka 2 hadi 12. Ina bustani yake ya maji pembeni. Na jirani kuna Motiongate, ambako michezo ni mikubwa zaidi na inamfaa huyo wa miaka 11 atakayeona Legoland ni ya wadogo. Katikati kuna Riverland, mtaa wa maduka na migahawa. Hapo baba anaweza kuondoka na mkubwa, wewe ukabaki na wadogo, mkakutana chakula cha mchana bila teksi wala simu za nimepotea.

Hoteli za hapo ndani zilizo karibu zaidi ni mbili. Legoland Hotel ilifunguliwa mwaka 2022, na vyumba vyake vina sehemu ya watoto iliyotengwa, yenye vitanda vya ghorofa, na kuna fumbo la kutafuta hazina ndani ya chumba chenyewe. Watoto wa umri wa wanao watakumbuka chumba hicho kama wanavyokumbuka bembea. Ya pili ni Lapita, ina mabwawa na nafasi zaidi, mtu mzima anapumua vizuri. Mimi kwa watoto wako ningechagua ya kwanza. Lakini kabla hujachagua, waandikie hoteli idadi yenu na umri wa kila mtoto, uwaulize kama watu watano mnakaa chumba kimoja. Hoteli nyingi za Dubai hupokea wakubwa wawili na watoto wawili kwa chumba cha kawaida. Mtoto wa tatu ndiye anayekulazimisha kulipia chumba cha pili, na bei yote uliyoipiga inavurugika. Jibu lao lihifadhi kwenye simu.

Usilale huko safari nzima. Usiku wa kwanza ningeupeleka Deira, kwenye hoteli ya kawaida yenye jina na risiti, kwa sababu uwanja wa ndege upo pale pale na mtakuwa mmechoka: Kigoma hadi Dar, halafu Dar hadi Dubai zaidi ya saa tano angani. Hoteli nyingi hukupa chumba kuanzia saa 9 alasiri, kwa hiyo ukifika ya bustanini usiku wa manane umelipia siku nzima ambayo hukuitumia. Ulizia kwanza kama jengo lina ukumbi wa muziki, maana baadhi ya hoteli za Deira zinapiga mpaka karibu na alfajiri. Omba chumba cha juu, upande wa nyuma. Asubuhi panda teksi na mizigo yote, mwiache mapokezi, watoto waingie kwenye michezo hata kama chumba hakijawa tayari. Laleni huko siku mbili, tatu mkijaliwa. Kisha rudini Deira kwa siku za biashara, safari hii kwenye fleti ya hoteli yenye jiko, upike wali na mboga ya kwenu, kwa sababu huyo mdogo akikataa chakula cha wageni siku ya tatu hakuna atakayelala. Ukiwa sokoni, baba awavushe watoto hori la Deira kwa abra, mashua ya dirham 1. Watoto wa Ujiji waliozaliwa na ziwa mbele yao watapenda kuliko unavyofikiri.

Watoto watangulie, mzigo ufuate. Hili nakusisitizia kwa sababu nawajua wafanyabiashara wenzangu wa Kigoma: mzigo mzuri ukiuona, hela ya starehe inageuka mtaji papo hapo. Chumba cha bustanini na tiketi vilipie ukiwa bado nyumbani, ununue ile bei inayokuruhusu kuahirisha hata ikiwa imezidi kidogo, maana viza ya mtu mmoja ikichelewa wote mmekwama.

Bei unayoiona mtandaoni mara nyingi siyo utakayolipa mwisho. Kuna VAT ya asilimia 5, ada ya manispaa, ya huduma, na ile dirham ya utalii inayotozwa kwa chumba kwa kila usiku, kati ya 7 na 20 kufuata daraja la hoteli, ambayo kwa kawaida unalipa ukifika. Halafu kuna amana. Mapokezi watashika kiasi fulani mpaka siku ya kuondoka, na ukiwa na kadi hela inaweza kuchukua siku kadhaa kurudi. Wewe unayetembea na fedha taslimu ya mzigo jiandae na hilo, usije ukasimama kaunta unahesabu noti mbele ya watoto. Hesabu zako piga kwa dola, dirham imefungwa nayo, 3.67 kwa dola moja, haiyumbi kama shilingi yetu.

Desemba ni chaguo zuri. Juni joto linapita nyuzi 40, na mwenye watoto analazimika kutafuta bustani za ndani ya majengo kama IMG Worlds of Adventure. Ila Desemba ina siku zake ghali. Tarehe 2 na 3 ni sikukuu ya taifa lao, wenyeji wote wanatoka na familia. Na kuanzia Krismasi hadi mwaka mpya bei ndizo za juu kabisa. Lenga kati ya tarehe 5 na 18 hivi. Siku za bustani ziwe Jumanne hadi Alhamisi, kwa kuwa tangu mwaka 2022 mapumziko yao ya wiki ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa wanatoka kazini mapema. Beba masweta, usiku hushuka hadi karibu nyuzi 16 na watoto wetu hawajazoea. Na nguo za maji nunua mapema: dera na kanga hazikubaliki ndani ya mabwawa, lakini burkini ya kitambaa cha kuogelea inakubalika, kwa hiyo utajisitiri na bado utaingia na mwanao.

Sasa mume. Nimeisoma sentensi yako ya hela ni yangu ila nyumba ina mwenyewe zaidi ya mara moja. Mimi sioni mwanamume anayeichukia hoteli. Naona mwanamume anayekwenda kwenye mji ambao mkewe anaujua na yeye haujui, kwa hela ya mkewe, mbele ya wanawe. Deira aliitaja kwa sababu ndilo jina pekee la Dubai alilolizoea kulisikia nyumbani kwake. Ukimpelekea hoteli iliyokwisha kulipiwa, umemwambia kwa vitendo kwamba yeye ni abiria. Atanuna, na kununa kwake kutapanda ndege pamoja nanyi.

Kwa hiyo usilipe kitu bado. Watoto wakishalala, kaa naye na karatasi. Mwandikie siku zote za safari, halafu chini ya kila siku weka gharama ya kulala Deira pamoja na teksi za kwenda na kurudi, na pembeni gharama ya kulala bustanini. Mwonyeshe ile habari ya msako wa fleti, maana hapo ndipo hofu ya baba inapoamka, na ni hofu ya haki. Kisha mpe maamuzi ya kweli: Legoland Hotel au Lapita, siku mbili au tatu, nani anakwenda Motiongate na mkubwa. Siyo kumzuga. Akichagua Lapita ambayo mimi sikuichagua, iwe Lapita, watoto hawatakosa kitu. Na siku zako za sokoni watoto watakuwa mikononi mwake, mwambie hivyo waziwazi, kwamba bila yeye safari hii isingewezekana. Ni kweli, usione haya kuisema.

Akikataa hata baada ya karatasi, usimpite. Mwombe usiku mmoja tu wa bustanini badala ya miwili, uulipie kwa ile bei ya kuahirishika, na mengine mtaongezea mkiwa kule akishaona mwenyewe. Bei ya siku hiyo inaweza kuwa juu kidogo, lakini ni nafuu kuliko kuanza safari mmenuniana.

Wifi yako mjibu mara moja, kwa upole: tumeshapata hoteli, na kaka yako ndiye aliyeichagua. Akituma picha nyingine, mshukuru.