Barua kwa mwanangu: hela ya ginkgo ishike kwanza

Mwanangu Neema,

Marahaba mama. Umeuliza, kama dawa za ugonjwa wa kusahau zinatoka kwenye mimea, kwa nini tusimnunulie bibi vile vidonge vya majani ya mti wa ginkgo vinavyouzwa Instagram. Nimekaa duka la dawa miaka mingi, acha nikujibu vizuri.

Ni kweli zinatoka kwenye mimea. Dawa moja, galantamini, waliitoa miaka ya 1950 kwenye kaua keupe ka huko Ulaya mashariki, siku hizi inapatikana hata kwenye dafodili, Marekani wakairuhusu kwa Alzheimer, huo ugonjwa wa kusahau, 2001. Ubongo wa mgonjwa unapungukiwa asetilikolini, ndo inayopitisha taarifa toka seli moja kwenda nyingine, sasa galantamini inazuia kimeng'enya kinachoivunja halafu inagusa na vile vipokezi vya nikotini, yaani sehemu za seli zinazopokea hiyo asetilikolini, viitikie zaidi. Rivastigmini nayo waliitengeneza wakifuata sumu ya maharage ya Calabar, Nigeria, yale alikuwa analishwa mtu aliyesingiziwa uchawi, akitapika kapona, akifa wanasema mchawi kweli. Ndo maana hizi dawa zinapimwa kwa miligramu na kupandishwa taratibu, zinachefua, zinaweza kushusha mapigo ya moyo, na haziponyi, zinampa mtu unafuu wa muda tu.

Ginkgo ilijaribiwa Marekani kwa wazee zaidi ya 3,000, miligramu 120 mara mbili kwa siku kwa miaka, majibu yakatoka 2008: haikuzuia ugonjwa. Na bibi yuko kwenye aspirini, ginkgo inaweza kumwongezea kutokwa damu. Mi sikubali.

Kinachoniuma zaidi ni hiki, mamdogo wako kaniambia bibi anameza Piriton kila usiku apate usingizi. Mwanangu, Piriton inaziba vipokezi vya asetilikolini!! Yaani hizo dawa za kumbukumbu zinavuta huku yenyewe inavuta kule, na mzee inaweza kumchanganya akili hata kama hana Alzheimer kabisa. Tuanzie hapo.

Mwambie mamdogo akusanye dawa zote za bibi kwenye mfuko mmoja, hata za kienyeji, daktari azione zote, amcheki na homoni ya tezi ya shingoni na vitamini B12 maana hizo nazo zikipungua mtu anasahau. Hela ya ginkgo iwe ya nauli na vipimo. Nikipata tarehe ya kliniki ntakupigia uje tumpeleke wote, we anakusikiliza kuliko mimi.

Mama yako