Mshukuru afande, ila si kwa chai

Sisi watu wa Mombasa tukimtaja polisi huwa ni kwa lawama, na lawama nyingine ni za haki kabisa. Lakini masika yakianza, taa za barabarani zikizima na magari yakakwama, macho yote humtafuta trafiki. Juzi pale Buxton nilimwona mmoja, binti mdogo tu, viatu vimejaa maji na firimbi mdomoni, mkono mmoja unazuia matatu na mwingine unamvusha mama aliyebeba mtoto. Madereva wakampigia honi utadhani mvua kaileta yeye.

Kibanda changu Kongowea kilipovunjwa usiku, aliyeniandikia ripoti alikuwa koplo wa makamo, mpole. Aliniuliza kufuli lilikuwa la aina gani, nani hulala jirani, akanipa namba ya OB, lile daftari la matukio kituoni. Asubuhi yake alirudi mwenyewe bila kuitwa, akazungumza na mabawabu. Mali haikupatikana yote, ila nilijua nimesikilizwa. Nikaingiza mkono mfukoni nimpe ya soda. Akakataa: "Kama umeridhika, mwandikie OCS, mkuu wa kituo."

Nilimwandikia. Nawe fanya hivyo. Jina la afande liko kifuani kwake; andika mistari michache, taja tarehe na alichokusaidia, uipeleke kituoni. Noti unayomtilia mkononi haimfai kazini, tena inamzoesha vibaya. Kuandikisha OB ni bure, bondi ya polisi ya kumtoa mtu selo ni bure, fomu ya P3 ya aliyeumizwa ni bure.

Jambo jingine, na hili linaniudhi kweli: tuache kuwatisha watoto kwa "nyamaza, polisi anakuja!" Mtoto huyo akipotea Mwembe Tayari au kwenye msongamano wa feri Likoni, atamkimbia mtu yule yule anayeweza kumrudisha kwenu. Mfundishe amsalimie, na umkaririshe namba za dharura, 999 na 112.

Ukikutana na wa aina nyingine, anayetaka hela ndipo ashike kalamu, IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, iliundwa kwa sheria ya 2011 kupokea malalamiko kama hayo. Peleka jina, kituo, tarehe na namba ya OB kama unayo. Wala usihofu kuwaudhi walio wema. Yule koplo aliniambia wazi kwamba kwa sababu ya wenzake wa namna hiyo, yeye hutukanwa stejini akiwa amevaa sare.