Maswali yenu: Kwenda mikokoni Bagamoyo

Tunatoka Dar na watoto Jumamosi. Tufike mikokoni saa ngapi? – *Baba wa watatu, Tabata*

Kabla ya saa, baba, tazama mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, siku mbili tatu zinazofuata ni za bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana: pwani yetu hii maji hupwa mida ya saa nne asubuhi na kujaa mida ya saa kumi alasiri. Wiki moja baadaye ni maji mafu, na saa zinageuka: asubuhi hiyo ndiyo yamejaa, tena si sana. Katikati hapo, kila siku maji huchelewa kama dakika 50.

Sasa amua unataka nini. Kaa na ndege huonekana tope likiwa wazi. Kupenya na mtumbwi kati ya miti kunataka maji. Kwa watoto ningechagua bamvua: asubuhi kutembea ukingoni, mchana samaki mjini, alasiri mtumbwi. Saa kamili muulizeni mvuvi, na bei mpatane mkiwa bado nchi kavu.

Vile vijiti vilivyochomoza topeni ni miche? – *Mwalimu, Dunda*

Hapana, ni mizizi ya mchu, mti mmojawapo wa jamii ya mikoko. Tope lile halina hewa, kwa hiyo mti unapumulia juu. Waambie wanafunzi wasivikanyage. Mkoko wenyewe una mizizi ya kujishikiza, iliyopinda kama miguu ya buibui, na mbegu yake huota ingali mtini, ikawa ndefu, ndipo ikadondoka. Watoto wakiona hilo husahau hata njaa.

Harufu ile ni maji machafu ya mji? – *Msomaji, Kibaha*

Kwa kawaida ni majani yanayooza bila hewa. Ndiyo yanayotoa harufu ya yai bovu. Chupa za plastiki ni habari nyingine, hizo ni zetu.

Naweza kukata fito chache za banda?

Hapana. Mikoko ni hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Bila kibali hukati, hata fito moja.

Ndege wengi ni miezi gani? – *Mpiga picha, Tanga*

Septemba hadi Aprili, wageni wa kaskazini wanapokimbia baridi yao. Juni utabaki na yangeyange na midiria, nao si haba.

Magofu ya Kaole tuyaunganishe na safari hiyo? – *Shangazi mtu, Morogoro*

Bila shaka, shangazi. Yako kusini mwa mji, kama kilomita tano, na mikoko iko jirani. Msikiti wa zamani pale unahesabiwa wa karne ya 13, na Kaole ilikuwa mji wa bandari kabla tope na mikoko hazijaziba njia ya vyombo. Anzeni na magofu ikiwa maji yamejaa asubuhi. Vaeni viatu vya kufunga, kwani ndala hubaki topeni, na jioni mbu wa pale hawana adabu.