Ukimtafuta mtu wako baada ya bomu, anza na nguo alizovaa

Tarehe 11 Julai 2010, fainali ya Kombe la Dunia, Uhispania na Uholanzi, mdogo wangu alikuwa Kabalagala kule Kampala, kwenye ule mgahawa wa Ethiopian Village anaangalia mechi na wenzake wa kazini, na sisi Bukoba tunaangalia hiyohiyo. Bomu likalipuka pale, halafu mengine mawili Kyadondo kwenye klabu ya ragbi, watu 74 wakafa usiku mmoja, Al-Shabaab wakasema ndo wao, eti kwa sababu Uganda imepeleka jeshi Somalia. Sasa mhudumu anayebeba sahani anahusikaje na jeshi, mi mpaka leo sielewi.

Kosa letu la kwanza lilikuwa simu. Ukoo mzima tulimpigia kwa pamoja, mama, shangazi, mimi, mpaka chaji ikaisha, kumbe simu alikuwa nayo msamaria aliyempakia kwenye gari na alikuwa anajaribu kupokea. Chagueni mmoja apige, wengine tulieni.

Asubuhi nikapanda basi nikavuka mpaka pale Mutukula. Hospitali ya kwanza nikataja jina, hayupo, ya pili hayupo, nikaenda hadi mochwari, jamani hapo sielezei. Kumbe yuko ileile ya kwanza, kaandikwa "mwanaume, hajulikani" maana alikuwa haongei. Nilimpata kwa soksi, moja nyeusi moja ya bluu, aliyekumbuka ni mwenzake wanayeishi chumba kimoja. Kwa hiyo usitaje jina tu, ulizia alivaa nini, ana kovu wapi, na uombe upite wodini mwenyewe kabla hujaenda kule kwingine.

Picha usisambaze. Zile za Kyadondo, watu wamelalia viti vya plastiki kama wamesinzia, zilizunguka sana, na kila mmoja mle ana mama.

Halafu kuna kazi ndefu ambayo hakuna anayekuambia. Mabomu yale yalikuwa na goroli, mdogo wangu alitolewa mbili pajani, ya tatu ipo mpaka leo, na sikio la kushoto halisikii, watu wakasema ana maringo kumbe salamu haijamfikia. Mi hukaa kulia kwake. Na msimuulize "uliona nini", kila mgeni alikuja na juisi na swali hilo, usiku hakuna kulala. Bora muulize nauli ya kliniki.

2016 watu watano walifungwa maisha kwa mabomu yale, nikampigia kumwambia, akasema sawa basi. Mpira wa kukusanyika hataki tena. Fainali ya 2022 kesho yake nikamtumia meseji, "Ajentina, penati." Akajibu, "Mkungu wa ndizi shingapi huko?"