Kitufe Kisichoitika Hubonyezwa Tena

Nilipoanza kutengeneza programu za simu niliamini kwamba kitufe kizuri ni kile kinachopendeza macho. Kwa imani hiyo nilitumia karibu wiki mbili nikichagua kivuli, mviringo wa pembe na rangi ya kitufe kimoja tu, kile cha kuandika hisa katika programu niliyokuwa nikikitengenezea kikundi cha kuweka na kukopa cha mtaani kwetu. Kilikuwa cha rangi ya chungwa, na kila niliyemwonyesha alikisifu.

Siku ya kikao cha kwanza mweka hazina alikibonyeza ili kuandika hisa za mwanachama mmoja. Mtandao ulikuwa unasuasua, kitufe kikabaki vilevile kana kwamba hakijaguswa, naye akakibonyeza tena, kisha mara ya tatu kwa nguvu zaidi. Hisa za shilingi 10,000 zikaandikwa mara tatu. Wakati wa kufunga hesabu simu ilidai fedha ambazo hazikuwamo sandukuni, ikabidi washika funguo wote watatu waitwe wafungue upya kufuli walizokwisha kuzifunga, fedha zikahesabiwa noti kwa noti huku watu wakitazamana kwa namna ambayo sikuipenda hata kidogo.

Mweka hazina hakukosea. Mtu akibisha hodi asipoitikiwa hubisha tena, na kitufe changu hakikuwa na namna yoyote ya kuitika. Ndiyo maana siku hizi, kabla sijafikiria rangi, naamua kwanza kitufe kitafanya nini katika zile sekunde chache baada ya kuguswa. Kidole kinapotua, sura yake ibadilike papo hapo, hata kama seva, yaani kompyuta ya mbali inayotunza kumbukumbu, haijajibu lolote. Rangi ikikolea kidogo inatosha. Kazi inapoanza, kitufe kifungwe kisikubali mguso wa pili. Katika Flutter, zana ya kuundia programu ambayo ndiyo ninayoitumia, kufunga huko ni rahisi, kwani ukiipa onPressed (sehemu inayosema kitufe kifanye nini kikibonyezwa) thamani ya null, yaani hakuna kitu, kitufe hulala chenyewe na kuwa cha kijivu. Nilifanya hivyo, nikadhani nimemaliza, kumbe watu walipoona kijivu walidhani programu imekwama, na mmoja wao alikuwa tayari anazima simu. Nikaongeza neno «Inahifadhi…» pamoja na kiduara kinachozunguka, nikahakikisha kitufe hakipungui upana maneno yanapobadilika, maana kitu kinachorukaruka chini ya kidole humtia mtu wasiwasi. Ikishindikana, kitufe kirudi na maneno «Jaribu tena», na juu yake paandikwe waziwazi kama hisa zimeingia au hazijaingia.

Hata hivyo, usikitegemee kitufe peke yake. Mtandao unaweza kukatika baada ya seva kuandika muamala lakini kabla jibu halijaifikia simu, na hapo mtumiaji atajaribu tena kwa haki kabisa. Dawa yake ni kuupa kila muamala namba yake hapohapo simuni kabla haujatumwa, ili seva ikipokea namba ileile mara mbili iandike mara moja tu.

Kosa langu la pili lilikuwa la ukubwa. Mwisho wa kila mstari wa orodha ya wanachama niliweka vitufe viwili vidogo vilivyobanana, «Hariri» na «Futa», kila kimoja kikiwa na kimo cha dp 28, dp ikiwa ni kipimo cha vitu vya kwenye skrini (vipimo nilivinakili kutoka kwenye picha ya kupendeza niliyoiona mtandaoni, wala sikujiuliza iwapo aliyeichora alikuwa na kidole gumba). Miongozo ya Google inataka eneo la kugusa lisipungue dp 48 kwa 48, pamoja na nafasi ya dp 8 kati ya kitufe na kitufe, na ile ya Apple inataka pointi 44 kwa 44. Kwa kuwa dp 160 huhesabiwa kuwa inchi moja, dp 48 ni kama milimita 7.6, ambayo si anasa kwa mtu anayeshika kalamu mkono mmoja na simu mkono wa pili, tena simu yenye kioo kilichopasuka. Alama yenyewe inaweza kubaki ndogo, hata dp 24, ilimradi eneo linalopokea mguso liwe kubwa kuliko alama hiyo. «Futa» nimeihamishia ndani ya ukurasa wa mwanachama, na sijasikia tena mtu akifutwa kwa bahati mbaya.

Kuhusu rangi sina mengi. Vikao vinafanyika nje, mchana, na maandishi yangu meupe juu ya chungwa yalipotea kabisa juani. Nilipopima uwiano wa mng'ao kati ya nyeupe na chungwa lile, lenye msimbo #FF9800, nilipata karibu 2.2 kwa 1, ilhali viwango vya WCAG, vya kufanya kurasa na programu zitumike na watu wote, vinataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Maandishi meusi juu ya chungwa hilohilo yanafika karibu 9.7. Nilibadili rangi ya maandishi tu, chungwa nikaliacha.

Maneno ndiyo yaliyonifundisha zaidi, kwa sababu sikuyahesabu kuwa sehemu ya usanifu. Niliwahi kuweka kisanduku kinachouliza, «Je, unataka kughairi ombi la mkopo?», na chini yake vitufe viwili, «Ghairi» na «Sawa». Mwanachama akiibonyeza «Ghairi» anaghairi mkopo, au anaghairi kughairi? Mimi mwenyewe niliyeiandika nilisita. Sasa vitufe hivyo vinasema «Futa ombi» na «Liache ombi», navyo hueleweka hata kwa mtu ambaye hakusoma swali lenyewe. Vilevile, usichore kitufe kwa kutumia neno fupi la Kiingereza ukidhani Kiswahili kitaingia humo baadaye, maana «Thibitisha marejesho» haliwezi kukaa mahali palipopimwa kwa neno la herufi nne. Acha kitufe kipanuke kufuata maneno yake, usikifunge kimo, kisha fungua mipangilio ya simu na ukuze maandishi hadi kiwango cha juu, kwa sababu wazee wengi wa kikundi chetu wanatumia simu zao hivyo. Kwangu kitufe cha «Andikisha mwanachama» kilibaki kusomeka «Andikisha mwa…».

Kila skrini naipa kitufe kimoja tu chenye rangi iliyojaa, na vingine vyote vinabaki na mstari wa pembeni au maneno matupu.

Kabla sijatoa toleo jipya, sasa naizuia simu isipate mtandao mzuri kwa makusudi, nampa mtu ambaye hajawahi kuiona programu, namwomba aandike hisa za mtu mmoja, kisha nakaa kimya nikitazama kidole chake. Kikigusa mara moja kikatulia, natoa. Kikirudi mara ya pili, narudi kwenye kompyuta.